Kapu Moja la Nchi 27: Rekodi za Bajeti ya Ulaya

Ukitafuta bajeti inayozua kelele nyingi kwa fedha chache, hutapata inayoishinda ya Umoja wa Ulaya. Nchi 27 zenye watu wapatao milioni 450 hutia kapuni kila mwaka kama asilimia 1 tu ya pato lao, huku serikali za nchi hizo hizo, kila moja kwake, zikitumia karibu nusu ya pato la taifa. Lakini ni hiyo asilimia 1 inayowakesha marais na mawaziri wakuu.

Kila nchi huchangia zaidi kwa kadiri ya ukubwa wa uchumi wake, ndiyo maana taji la mchangiaji mkubwa liko Ujerumani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishika njia nyingine kwa miaka mingi: Burundi ilipe sawa na Kenya. Anayefuatilia habari za Arusha anajua malimbikizo ya michango yalivyogeuka wimbo wa kila mwaka.

Rekodi ya kukesha bado inashikiliwa na mkutano wa Nice, Ufaransa, wa Desemba 2000. Ule wa Brussels wa Julai 2020 uliikosa kwa chini ya nusu saa. Ulianza Ijumaa tarehe 17 na mapatano yakapatikana Jumanne alfajiri, baada ya zaidi ya saa 90. Mezani palikuwa na bajeti ya miaka saba, 2021 hadi 2027, pamoja na mfuko wa dharura wa kufufua uchumi baada ya korona. Jumla yake ilikuwa euro trilioni 1.8 kwa bei za 2018, fungu kubwa kuliko yote ambayo Ulaya imewahi kuyapitisha kwa pamoja. Mark Rutte, wakati huo waziri mkuu wa Uholanzi, akiwa na wenzake wa Austria, Denmark na Uswidi, alisimama kidete: wanaotaka msaada wakope, wasipewe bure. Ruzuku za mfuko wa dharura zikashuka kutoka bilioni 500 hadi 390, na hao wanne wakarudi makwao na punguzo kubwa zaidi la michango. Mchezo huo wa punguzo alikuwa ameuanzisha Margaret Thatcher wa Uingereza huko Fontainebleau mwaka 1984. Nchi yake imeshaondoka kwenye Umoja, mchezo umebaki.

Kuna rekodi nyingine ya usiku huo ambayo haikupata vichwa vya habari, nayo ni ya kuporomoka. Mfuko wa Mpito wa Haki, uliobuniwa ili maeneo ya makaa ya mawe yasiachwe yatima migodi ikifungwa, ulipendekezwa Januari 2020 ukiwa na bilioni 7.5. Mwezi Mei ukapandishwa hadi bilioni 40. Julai ukakatwa hadi 17.5. Wakubwa walikuwa wanatafuta pa kupunguza, na mchimba makaa hakuwa na kiti chumbani. Kwa hiyo fungu lenye neno “haki” katika jina lake halifiki asilimia 1 ya zile trilioni 1.8. Ruzuku za kilimo, ambazo miaka ya 1980 zilikula kama asilimia 70 ya bajeti nzima, bado zinachukua karibu theluthi ya bajeti ya kawaida.

Kwenye soko la mitaji, kapu hili lilivunja rekodi mara mbili mfululizo. Oktoba 2020 Tume ya Ulaya iliuza hatifungani za kijamii za euro bilioni 17 ili kuzikopesha serikali fedha za kulinda ajira wakati wa korona. Wawekezaji wakaleta maombi ya zaidi ya bilioni 233, foleni ndefu kuliko zote zilizowahi kuonekana katika soko la hatifungani hadi siku hiyo. Mwaka mmoja baadaye ikaja hatifungani ya kijani ya bilioni 12, kubwa kuliko zote duniani wakati huo, na maombi yakazidi bilioni 135. Msomaji wa Tanzania anaifahamu bidhaa hii tangu Mamlaka ya Maji Tanga ilipouza ya kwake mwaka 2024, ya shilingi bilioni 53, ili ipanue mtandao wa maji. Tofauti ni kwamba wa Tanga anaweza kwenda kuliona bomba. Mwenye hatifungani ya Brussels husubiri ripoti.

Na ripoti ndizo zenye rekodi inayonichekesha kuliko zote. Tume ilitangaza kwamba kati ya 2014 na 2020 ilitumia euro bilioni 216 kwa ajili ya tabianchi, sawa na asilimia 20 ya bajeti, yaani lengo lilifikiwa barabara. Wakaguzi wa hesabu wa Umoja wenyewe, wenye ofisi Luxembourg, walipopitia vitabu mwaka 2022 walisema hesabu hiyo imevimbishwa kwa angalau bilioni 72. Ukiitoa, unabaki na asilimia 13 hivi. Uvimbe mwingi ulikuwa kwenye kilimo: mkulima akilipwa ruzuku yake ya siku zote, sehemu yake ilihesabiwa kuwa ya kijani. Mwaka mmoja kabla, wakaguzi hao hao walikuwa wamesema takribani bilioni 100 za kilimo zilizobandikwa lebo ya tabianchi hazikupunguza hewa chafu kwa kiasi cha kuonekana. Bajeti ya sasa imeahidi asilimia 30. Ahadi imepanda, na anayehesabu ni yule yule.

Wengi huandika kana kwamba wazo la kumtunza mfanyakazi anayeachwa nyuma lilizaliwa juzi. Ndilo kongwe kuliko yote humu. Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma, iliyoundwa na nchi sita kwa mkataba wa Paris wa 1951, ilikuwa na kodi yake yenyewe iliyotozwa kwenye uzalishaji wa bidhaa hizo mbili. Sehemu ya fedha hizo iliwafundisha kazi mpya wachimbaji ambao migodi yao ilifungwa, na kusaidia ujenzi wa nyumba za wafanyakazi. Hata kukopa kwa jina la pamoja si jambo jipya: mwaka 1954 jumuiya hiyo, Jean Monnet akiwa mkuu wake, ilikopa dola milioni 100 kutoka serikali ya Marekani. Huu Mfuko wa Mpito wa Haki ni mjukuu aliyerudi kwenye machimbo ya babu, akiwa na fedha kidogo na fomu nyingi zaidi.

Machimbo yenyewe ya leo ni Bełchatów, katikati ya Poland. Hapo pana kituo cha umeme wa makaa kikubwa kuliko vyote Ulaya, megawati zaidi ya 5,000, ambacho mwaka baada ya mwaka kimeongoza orodha ya wachafuzi wakubwa wa hewa katika Umoja. Kinachoma makaa ya kahawia, aina duni yenye maji mengi, yanayochimbwa hapo hapo kwenye shimo la wazi lenye kina cha zaidi ya mita 200. Udongo uliotolewa shimoni ulirundikwa mpaka ukawa kilima, Góra Kamieńsk. Siku za baridi watu huteleza kwa ski kwenye mteremko wake, na huko juu kuna mitambo 15 ya upepo yenye uwezo wa megawati 30. Weka 30 kando ya 5,000 ndipo uelewe mpito uko umbali gani.

Poland ndiyo mpokeaji mkubwa wa mfuko huu, euro bilioni 3.85, zaidi ya nusu zikienda Silesia kwenye migodi ya makaa meusi. Nchi hiyo hiyo ina rekodi isiyojivunia: ya kwanza kukatwa faini moja kwa moja kwenye mgao wake. Mahakama ya Ulaya iliamuru mgodi wa Turów, mpakani na Ucheki, usimamishwe, na Poland ilipokaidi ikatozwa euro 500,000 kwa siku kuanzia Septemba 2021. Warszawa ikagoma kulipa. Brussels haikubishana, ikakata juu kwa juu.

Hungary nayo ilifunga mwaka 2024 ikiwa ya kwanza kupoteza moja kwa moja, si kuzuiliwa tu, zaidi ya euro bilioni 1 kwa sababu ya kasoro za utawala wa sheria. Kwa upande wa mapato, tozo ya ajabu kuliko zote ni senti 80 kwa kila kilo ya plastiki ya vifungashio isiyorejelezwa, ambazo kila nchi hulipa kapuni tangu 2021.

Panapoonekana fedha za Mfuko wa Mpito wa Haki zikifanya kazi iliyokusudiwa ni Ida-Viru, mashariki mwa Estonia, mkoa ulioishi kwa kuchoma mawe yenye mafuta. Katika mji wa Narva, ng'ambo ya mto ikiwa Urusi, kiwanda cha sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo kilifunguliwa Septemba 2025 kwa ruzuku iliyotoka kwenye mfuko huo. Kiwanda kimoja hakifuti migodi, lakini ni ajira unayoweza kuionyesha kwa kidole.

Fungu kubwa zaidi la haki bado linakuja: Mfuko wa Kijamii wa Tabianchi, hadi euro bilioni 65 kati ya 2026 na 2032. Chanzo chake ni tozo ya kaboni kwenye mafuta ya magari na ya kupashia nyumba joto, iliyopangwa awali kuanza 2027. Yaani familia maskini italipia mafuta zaidi, kisha itafidiwa kutokana na hicho hicho ilicholipa. Kipi kitaifikia kwanza, tozo au fidia, ndilo swali linalozinyima serikali usingizi.

Julai 2025 Tume ilitoa pendekezo kubwa kuliko yote katika historia yake: karibu euro trilioni 2 kwa 2028 hadi 2034, asilimia 1.26 ya pato. Kati ya hizo, 0.11 ni ya kulipa deni la mfuko wa korona, ambalo litamalizika 2058. Serikali zote 27 lazima zikubali, hata moja ikikataa bajeti hiyo haipiti. Katika pendekezo hilo Mfuko wa Mpito wa Haki haupo tena kama mfuko unaojitegemea. Kazi yake imeingizwa kwenye mipango ya kila nchi, pamoja na kilimo na mengineyo, na kila serikali itapendekeza mgao wake. Mkataba wa serikali ya Poland na vyama vya wachimbaji, uliotiwa saini Mei 2021, unasema mgodi wa mwisho wa makaa meusi utafungwa 2049. Kwa mwendo huu wa miaka saba saba, bajeti tatu zitakuwa zimeshapita.