Kichocho cha ziwani si kile cha kukojoa damu

Mvuvi wa ndoana katika ufuo wa Dunga, Kisumu, hukunja suruali hadi magotini, huingia majini hatua chache, hurusha mshipi na kungoja ngege. Humwogopa kiboko, na ana haki. Lakini konokono waenezao kichocho huishi papo hapo aliposimama, kwenye maji haba kando ya matete na magugu maji.

Mtajie kichocho mtu wa Pwani, naye atakumbuka mkojo wenye damu. Kumbe kile cha ufuoni mwa Ziwa Victoria ni hasa cha aina nyingine, kinachoshambulia matumbo na ini. Mgonjwa huumwa na tumbo mara kwa mara, huharisha, na pengine huona damu katika choo kikubwa. Kwa kuwa mkojo wake ni safi, hajishuku. Hununua dawa ya amiba dukani, hupata nafuu siku mbili tatu, kisha hurudi ziwani.

Vijidudu vitokavyo kwa konokono havihitaji kidonda. Hupenya ngozi nzima kwa dakika chache, na huwa vingi zaidi jua linapowaka, saa zile zile ambazo watu wa mjini hupenda kufika ufuoni. Mwilini hukua kuwa minyoo, dume na jike, katika mishipa ya damu ya matumbo, na huweza kuishi humo miaka 3 hadi 10. Madhara makubwa hutokana na mayai yao. Mengine hutoka na choo; mengine hukwama katika ini na kulitia makovu. Baada ya miaka mingi tumbo huweza kufura, na mgonjwa akatapika damu.

Mgeni aliyetoka Nairobi kwa mapumziko huweza kushikwa na homa na kikohozi majuma 2 hadi 8 baadaye, akadhani ni malaria. Msomaji, mweleze daktari kwamba uliingia ziwani, na siku yenyewe. Choo kikipimwa mapema mno mayai huenda yasionekane. Kwa kawaida huanza kuonekana baada ya majuma 6 hivi.

Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli, vidonge vinavyopimwa kulingana na uzito wa mtu. Huua minyoo iliyokomaa lakini si ile michanga, kwa hiyo uliza kama utahitaji kumeza tena. Wala haimkingi anayerudi majini kesho.

Samaki hana hatia. Kichocho hakipatikani kwa kula ngege. Anayependa kuvua na avulie kwenye gati au ndani ya mashua, au avae gambuti zinazopita kina cha maji. Choo cha mwenye kichocho kikifika ziwani, mayai huanguliwa na kuwaambukiza konokono, hivyo tumieni vyoo. Maji ya kuogea yaliyochotwa ziwani, yachujwe konokono, yafunikwe katika pipa safi, na yasiguswe kwa siku 2.