Fahamu: Pedali moja ya gitaa, sauti nyingi

Mpiga gitaa wa kwaya au bendi huko Kanazi, Bukoba, anaweza kubeba pedali moja ya kidijitali, kama za Zoom au Boss kutoka Japani, badala ya visanduku vingi. Unachagua mwangwi, mkwaruzo au mtetemo, unahifadhi mpangilio wako, na umeme ukikatika mpangilio huo haupotei. Kwa solo ya rumba, anza na sauti safi yenye mwangwi mfupi. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kati ya pigo na pigo. Weka mwangwi wa milisekunde 250 uangukie katikati. Utamu uko hapo! Jaribu sauti kwenye spika za ukumbini, si hedifoni pekee. Na tafadhali, tumia adapta yenye volti zilizoandikwa kwenye pedali. Isiyofaa inaweza kuiunguza.