Wanyama wa utusitusi

Mondo huwinda kwa masikio kuliko macho. Hujibanza kwenye majani marefu, masikio yake makubwa yakigeuka huku na huku, akimfuatilia panya anayechakura chini ya nyasi. Akishajua alipo, huruka juu na kumshukia kwa miguu ya mbele. Mara nyingi utamwona kazini alfajiri au magharibi, wakati ambapo si usiku na si mchana. Kiingereza kina kivumishi cha wanyama wa saa hizo: "crepuscular".

Hata Waingereza wengi hawakitumii. Asili yake ni Kilatini, "crepusculum", yaani utusitusi wa jioni. Kiliingia Kiingereza karne ya 17, na waandishi wamekitumia kwa mwanga hafifu, hata kwa fikra zisizo wazi. Wataalamu wa hali ya hewa nao wanacho: miale ya jua inayopenya kati ya mawingu hubeba jina hilo, hata ikionekana saa sita mchana. Lakini kivumishi hiki kimestawi zaidi kwa wataalamu wa wanyama, ambao wanakihitaji kila siku.

Mtafsiri mwenye haraka hukiandika "wa usiku". Hapo siwezi kunyamaza. Wa usiku ni bundi na komba. Ukimwingiza mondo katika kundi hilo, unamnyima msomaji jambo lenyewe alilokuwa anaelezwa: kwamba kuna viumbe waliochagua mpaka, joto likiwa limepungua na mwanga ukiwa bado unatosha kuona. Kiswahili kina maneno mengi ya kuzipambanua saa hizo, kuanzia alfajiri na mapambazuko hadi machweo na magharibi. Linalokosekana ni moja la kuzifunga pamoja. Mimi naandika "wanyama wa utusitusi", maana utusitusi ni kiza chepesi, uwe wa kupambazuka au wa kuchwa.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu ya mbu. Anofelesi, anayeeneza malaria, huuma hasa usiku, ndiyo maana chandarua kimeokoa watu wengi. Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi, ni mbu wa mchana, na ukali wake huzidi mara mbili kwa siku: asubuhi jua likishachomoza, na jioni kabla halijazama. Vilele hivyo viwili baadhi ya wataalamu huviita kwa kivumishi chetu. Dar es Salaam ilipopata mlipuko wa dengi mwaka 2014, mbu aliyehusika alikuwa huyo. Mzazi aliyeandikiwa "mbu wa usiku" atawafunika watoto vizuri saa tatu, baada ya kuwaacha wacheze uani na kaptula saa kumi na moja jioni, karibu na tairi kuukuu lililojaa maji ya mvua. Huyo anahitaji kuambiwa saa yenyewe, na kuambiwa amwage maji ya hilo tairi leo.