Kufungua Kompyuta ya Nyumbani Ukiwa Safarini

Siku hizi vikundi vingi huweka hesabu za hisa na mikopo ndani ya kompyuta, na mara nyingi kompyuta hiyo hukaa nyumbani kwa katibu. Je, katibu akiwa Nairobi na wanachama wanataka hesabu leo, itakuwaje? Akiwa na tableti anaweza kuifungua kutoka huko huko.

Programu kama Chrome Remote Desktop, ambayo haina malipo, hutuma picha ya kioo cha kompyuta hadi kwenye tableti kupitia intaneti. Ukigusa tableti, kompyuta ya nyumbani ndiyo inayofanya kazi.

Kabla ya kuondoka, fanya hivi:

1. Weka programu kwenye kompyuta, kisha ingia kwenye tableti kwa akaunti ile ile ya Google.
2. Chagua namba ya siri yenye tarakimu 6 au zaidi. Usitumie mwaka wa kuzaliwa.
3. Panga kompyuta isilale yenyewe. Ikilala, stima ikipotea au bando likiisha, huwezi kuingia.
4. Jaribu ukiwa bado nyumbani, ili kama kuna shida uitengeneze mapema.

Jihadharini na matapeli. Wengine hupiga simu wakijifanya watu wa benki, wakikuambia uweke programu ya namna hii halafu uwasomee namba. Kata simu! Mwenye namba hiyo ameshika ufunguo wa sanduku la kikundi kizima.