Nta ya Kale na Sabuni ya Vyombo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tuliona jinsi nta inavyoisitiri rangi ya gari na hewa ya pwani, ambayo aghalabu huchukua chumvi ya bahari hata mbali na ufuo, na jinsi jua letu linavyoichakaza nta hiyo hata ikabaki mabaka mabaka juu ya boneti na paa. Leo tumefikia suala lenyewe: mtu atakapo kupaka nta mpya, je, yampasa aiondoe kwanza ile ya kale, na kama yampasa, je, yafaa kuiondoa kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kama wafanyavyo waosha magari wengi? Jawabu langu ni kwamba yafaa, ila kwa sharti kwamba kazi hiyo ifanywe kwa kusudi hilo peke yake wala isifanywe kuwa ada, na kwamba mwenye gari asiridhike na ushahidi wa kwanza atakaopewa na maji, kwani maji yenye sabuni huweza kushuhudia uongo.

Kuhusu haja ya kuiondoa, mambo hutofautiana. Anayepaka nta ya asili juu ya nta ya asili hatapata hasara kubwa akiiacha ile ya kwanza, maadamu gari limeoshwa likatakata. Walakini anayetaka kupaka dawa hizi za kisasa zitengenezwazo kwa polima, ambazo hudumu kwa kushikamana na rangi yenyewe, hana budi kuifunua rangi hiyo kwanza, kwa maana polima ikikuta mafuta na mabaki ya nta hushika mabaki hayo badala ya rangi, na mabaki yatokapo hutoka nayo.

Sasa na tuitazame nta hiyo ni kitu gani. Iliyo mashuhuri kwa magari ni karnauba, itokayo katika majani ya mti wa jamii ya mnazi na mkindu uitwao Copernicia prunifera, ambao makao yake ni kaskazini-mashariki ya Brazili. Majani hukatwa, hukaushwa, kisha hupigwa hata unga wa nta ukadondoka. Ni nta ngumu mno: ile ya nyuki huyeyuka kwa joto la nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, ilhali karnauba hungoja hadi nyuzi 80 na zaidi. Kwa ugumu huo haipakiki peke yake, na ndiyo sababu watengenezaji huichanganya na mafuta pamoja na viyeyushi vitokanavyo na petroli. Viyeyushi hupaa hewani, na kinachobaki juu ya gari ni karnauba pamoja na yale mafuta.

Na sabuni ya vyombo, ingawa twaiita sabuni, si sabuni ile ya wazee wetu, iliyopikwa kwa mafuta na magadi makali, ambayo ikitiwa katika maji ya visima vyetu vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe huganda na kuacha utando mweupe, kwa vile maji hayo yamejaa chokaa. Hii ni dawa ya kemikali, ya ukoo ambao Wajerumani waliuanzisha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mafuta ya kupikia sabuni yalipowaadimikia. Kila molekuli yake ina ncha mbili: moja yapenda maji, na ya pili huyakimbia maji na kujishikiza penye mafuta. Zikikusanyika molekuli nyingi kukizunguka kitone cha mafuta, ncha za pili zikiwa ndani na za kwanza nje, kitone hicho hung'oka kikachukuliwa na maji.

Hapo ndipo msomaji atakapofahamu kadiri ya uwezo wake. Sabuni hiyo huyateka yale mafuta, pamoja na vumbi na nta iliyokwisha kulegea kwa jua; lakini karnauba iliyo imara haiyeyuki katika ndoo ya maji baridi, na polima haijali sana. Anayedai kwamba mwosho mmoja huliacha gari tupu kabisa amezidisha.

Kinachowahadaa watu ni hiki. Juu ya nta nzima maji husimama kwa matone ya mviringo. Juu ya rangi tupu huenea kama utando. Basi mtu akiisha kuosha, huyaona maji yametandaa juu ya boneti nzima, akahukumu kwamba nta imekwisha. Kumbe sabuni iliyosalia ndiyo iliyoudhoofisha mvutano wa uso wa maji, na nta ingaliko chini yake. Sharti gari lisuuzwe kwa maji mengi, likaushwe, kisha limwagiwe tena maji safi yasiyo na povu. Wakati huo aangalie, si katikati ya paa ambako jua limekwisha kufanya kazi, bali chini ya vitasa vya milango na kandokando ya boneti: huko ndiko matone madogo yatakakoonekana yamesimama bado. Yakionekana, na arudie mahali hapo tu, au apanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti ya isopropili iliyozimuliwa kwa maji, ambayo huondoa mafuta kwa hakika zaidi kuliko sabuni.

Kazi yenyewe ifanywe kivulini, bati likiwa limepoa hata mtu aweze kuuweka mgongo wa mkono juu yake bila kuona joto, kwa sababu sabuni ikikauka juu ya bati la moto huacha alama. Vumbi litangulie kuondolewa kwa maji ya mpira, ili sponji isije ikausugua mchanga juu ya rangi. Kisha ioshwe sehemu moja moja, kutoka juu kwenda chini, na kila sehemu isuuzwe kabla ya kuhamia nyingine. Unga wa kusugulia masufuria usikaribie kabisa. Na katika kusuuza pasiwe na ajizi, maana sabuni nyingi za vyombo hutiwa chumvi ili ziwe nzito, na chumvi ikijificha katika maungio ya milango, au palipobanduka rangi, huongezea ile tuliyokwisha kuiogopa, hasa kwa magari yavukayo kila siku kwa feri ya Likoni.

Ndiyo maana nakataza kwa nguvu zangu zote kuosha gari kwa sabuni hii kila juma. Kila mwosho hupunguza sitara ya rangi na kuikausha mipira ya madirisha. Kwa mwosho wa kawaida shampuu ya gari yatosha, kwa kuwa imepimwa iondoe uchafu na kuiachilia nta. Na aliyekwisha kuifunua rangi asilale kabla hajaipaka nta mpya, kwani umande wa usiku mmoja wa pwani hushusha chumvi juu ya rangi isiyo na kinga. Namna ya kuipaka, na kwa nini ukoko mwembamba washinda ule mnene, ndiyo habari ya juma lijalo, inshallah.