Vihami Joto vya Dari na Panya wa Paa

Bati lililopigwa na jua la saa saba mchana huweza kuzidi nyuzi joto 60 za Selsiasi. Joto hilo hufika chumbani kwa mnururisho unaotoka upande wa chini wa bati, na kwa hewa ya moto inayojaa kati ya bati na dari. Kihami joto huwekwa hapo katikati ili kulikatisha. Katika nyanda za baridi kama Njombe na Limuru kazi yake hugeuka: huzuia joto la ndani lisitoroke usiku. Tatizo ni kwamba hapo kinapowekwa ndipo panya anapopapenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba, juu, gizani, pasipofikiwa na mtu wala paka.

Anayehusika zaidi ni panya mweusi, Rattus rattus, maarufu kama panya wa paa. Ni mpandaji hodari. Hupita kwenye waya wa umeme, tawi linalogusa paa, bomba la maji ya mvua, hata ukuta wenye lipu ya kukwaruza. Kihami hakimlishi, anachotafuta ni kitu laini cha kuchimba na kujengea kiota, karibu na chakula kilichoko jikoni au stoo. Mimba yake huchukua wiki tatu hivi, kwa hiyo jozi moja iliyotulia darini haikawii kuwa ukoo.

Hasara yake ni zaidi ya kelele za usiku. Kinachozuia joto ndani ya kihami ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi au ndani ya viputo, na hewa hiyo hupotea pale kihami kinapotobolewa, kushindiliwa na kuloweshwa kwa mkojo. Nyaya zilizong'atwa huweza kuzua moto. Tena viota huleta viroboto juu ya vitanda vya watu. Wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, iliyoanza kuripoti tauni mwaka 1980, ilijifunza kwa uchungu viroboto wa panya wanaweza kufanya nini.

Meno ya mbele ya panya hayakomi kukua: kwa mwaka hurefuka zaidi ya sentimita 10, na asipoyasaga kwa kung'ata humdhuru. Enameli yake ina ugumu wa takribani 5.5 kwenye kipimo cha Mohs, ilhali alumini haifiki 3. Mbao, plastiki na lipu dhaifu hazimsumbui. Bati la chuma lililopigiliwa vizuri humshinda, kwa kuwa halina ukingo ambao meno yanaweza kuudaka.

Kwa kipimo hicho, hakuna kihami cha kawaida kinachomzuia panya peke yake, ingawa tofauti kati yao ni kubwa. Sufu ya kioo, ile pamba ya njano au ya waridi inayowasha ngozi, inasifiwa na wengi kwamba humfukuza kwa kuwasha huko. Imani hiyo si sahihi. Viota hukutwa ndani yake mara kwa mara. Selulosi, inayotengenezwa kwa magazeti yaliyosagwa na kuchanganywa na chumvi za boroni, huua wadudu kama mende, lakini panya huichimba bila shida. Polisterini ndiyo dhaifu kuliko zote: hutafunwa kirahisi na huwaka moto. Inafaa tu ikiwa imefungwa kati ya mabati mawili, kama kwenye kuta za vyumba vya baridi. Povu la poliyurethani la kupuliza hukauka, hushika na kuziba nyufa ambazo hupitisha hewa na harufu ya chakula, na hilo ni jambo jema; hata hivyo, fundi anayeziba tundu la panya kwa povu pekee amefanya kazi ya muda. Makuti ya pwani, ambayo hupoza nyumba vizuri ajabu, hayana kinga yoyote.

Inayostahili kupewa nafasi ya kwanza ni sufu ya mwamba. Hutengenezwa kwa kuyeyusha mawe kama basalti na kuyavuta kuwa nyuzi. Haiungui, na mbao zake zilizoshindiliwa ni ngumu kuchimba kuliko pamba laini. Foili inayong'aa nayo ina faida yake: huakisi sehemu kubwa ya mnururisho wa bati, mradi iachiwe nafasi ya hewa ya sentimita 2 au 3, na haina unene wa kutosha kuficha kiota.

Kinga yenyewe iko kwenye matundu. Panya mdogo wa nyumbani hupenya uwazi wa milimita 6, na panya wa paa hupenya wa milimita 12 hivi akiwa bado mchanga. Mahali panaposahaulika zaidi ni pale migongo ya bati inapokaa juu ya ukuta, nyuma ya fishabodi: kila mgongo huacha mlango wazi. Hapo huwekwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6, si saruji tupu, maana dari inahitaji kupumua. Waya wa kuku hautoshi. Pembeni mwa mabomba, sufu ya chuma ikizikwa ndani ya saruji hufaa, ila mijini pwani chumvi ya hewani huila haraka, hivyo chuma kisichoshika kutu ndicho cha kutumia. Matawi yakatwe yakae mita 2 kutoka kwenye paa.

Mitego hutangulia uzibaji, la sivyo panya waliofungiwa watatoboa dari ili watoke au watafia humo na kunuka. Sumu darini huleta uvundo huohuo. Viota vya zamani hulowanishwa kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuondolewa, kamwe visifagiliwe vikavu. Ndipo kihami huwekwa, na kijimlango cha dari huachwa kwa ajili ya ukaguzi.

Kwa nyumba ya bati, foili chini ya bati na sufu ya mwamba juu ya dari ndiyo jozi bora. Mwenye fedha za kitu kimoja tu kwa sasa anunue wavu kwanza. Kihami kinaweza kungoja.