Mashine ya Ndevu: Isikukaribie Mno

Muuzaji wa mashine za ndevu, awe Kariakoo au Luthuli, huanza na sifa moja: "Hii inanyoa mpaka chini kabisa, kama wembe." Sifa hiyo ina historia. Jacob Schick alipoanza kuuza mashine yake ya umeme Marekani mwaka 1931, mpinzani alikuwa wembe, na tangu hapo kila kampuni imekuwa ikishindania ulaini wa shavu. Kwa mwenye nywele laini zilizonyooka, hakuna ubaya. Kwa wengi wetu wenye ndevu za kipilipili, hiyo ndiyo sifa ya kuikimbia.

Sababu iko kwenye unywele wenyewe. Ndevu ya kipilipili hutoka kwenye kinyweleo ikiwa imepinda tayari. Ikikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha yake hubaki imechongoka. Ikianza kuota hutoboa ukuta wa kinyweleo kabla haijatoka nje, au hutoka, ikajikunja na kuchoma ngozi pembeni. Mwili huichukulia kama mwiba. Panavimba, panawasha, pengine panatunga usaha, na kipele kikipona huacha doa jeusi, hasa shingoni na chini ya kidevu. Ndiyo maana madaktari wa ngozi humwambia mwenye vipele hivyo aache kunyoa kwa wiki kadhaa, kisha akirudi abakize ndevu fupi, milimita moja hivi.

Kwa hiyo mtu wa namna hiyo aanze kuangalia mashine ya kupunguza, ile yenye safu mbili za meno, moja imetulia na nyingine inakwenda na kurudi juu yake. Haileti ulaini wa wembe, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Mara nyingi ndiyo ya bei nafuu pia, jambo ambalo muuzaji hana haraka ya kukueleza.

Mashine ya wavu ina karatasi nyembamba ya chuma yenye matundu, na nyembe zinazotikisika chini yake. Wavu huzuia nyembe zisiguse ngozi, lakini ndevu ndefu haziingii kwenye matundu, hivyo humfaa anayenyoa kila siku au kila baada ya siku moja. Yenye vichwa vya duara, ambayo Philips walianza kuitoa mwaka 1939, hufuata vizuri mikunjo ya taya na huzishika ndevu zinazoelekea huku na huko. Zote mbili zinaweza kukata karibu mno ukizigandamiza. Na usivute ngozi: ukiivuta, unywele huchomoza, hukatwa, kisha ngozi ikirudi unazama ndani. Kipele tayari.

Upande wa umeme, soma maandishi madogo kwenye chaja. Ikiandikwa 100-240V, haina shida. Aliyetumiwa mashine ya waya na ndugu aliyeko Marekani aangalie zaidi, kwani ile ya volti 120 pekee ukiichomeka kwenye volti 230 utanusa harufu ya kuungua. Uliza pia kama inafanya kazi ikiwa kwenye waya. Nyingi za kunyolea bafuni hukataa kwa sababu za usalama, na betri ikikuishia katikati ya shavu itabidi usubiri.

Kabla ya kulipa, omba uoneshwe wavu au kichwa cha akiba, na bei yake. Braun hushauri wavu na nyembe vibadilishwe kila baada ya miezi 18 hivi. Mashine isiyo na spea mjini kwako ina umri huohuo. Wavu uliopasuka, hata kidogo, hukwangua ngozi mpaka damu. Na palipo na damu, mashine hiyo isiazimwe, hata na kaka yako, maana virusi vya homa ya ini aina ya B hubaki hai siku kadhaa nje ya mwili.